Breki Iliyo Mkiani mwa Transfa

Ukifika Maua wakati Land Rover kuukuu zinapakia watu na magunia tayari kuvipanda vilima vya Nyambene, usitazame rangi wala namba. Mtazame tanboi. Gari halijatulia vizuri, yeye ameshateremka na jiwe mkononi, analisukumiza nyuma ya gurudumu. Utamwona mwenzake Chogoria, pale magari yanapongoja wapanda mlima na mizigo yao. Utamwona Runyenjes, utamwona Siakago. Jiwe hilo tumelizoea hata tunalihesabu kuwa kifaa cha gari, sawa na jeki na spana ya magurudumu. Mimi nalisoma tofauti. Kwangu mimi jiwe lile ni ushahidi kwamba transfa ya gari hilo inavuja, na kwamba kuna mtu aliyewahi kuifungua akaifunga kabla kazi haijaisha.

Najua mtaniuliza: transfa na kusimama kwa gari vinahusiana vipi? Transfa si ni ya kuingiza gia nzito matopeni? Ndiyo maana nimekuja studioni leo. Gari hizi breki yake ya mkono haiko kwenye magurudumu. Iko mkiani mwa transfa. Ngoma ya breki imefungwa pale pale propela ya nyuma inapoanzia, kando ya sili inayozuia oili isitoke. Sili hiyo ikichoka, oili haina kwingine pa kwenda ila ndani ya ngoma. Kwa hiyo anayekarabati transfa ya Land Rover anakarabati breki, apende asipende, na mwenye gari anayemwambia fundi "hiyo ya kuvuja iache, tutaongeza oili" anamwambia aiache breki ife.

Kwanza tukumbushane jinsi gari hizi zilivyotufikia. Land Rover ilionyeshwa hadharani mara ya kwanza Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948. Ikaja Series I, ikafuata II mwaka 1958, halafu IIA, na Series III ikatengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Kwetu Kenya nyingi ziliunganishwa Thika, katika kiwanda cha Leyland kilichoanzishwa mwaka 1974, ambacho siku hizi kinaitwa Kenya Vehicle Manufacturers. Wanunuzi wakubwa walikuwa serikali na mashirika: polisi, maafisa wa tarafa, watu wa kilimo na mifugo, hospitali za misheni. Gari ikichoka na namba zake za GK, ikapelekwa mnadani, na mnadani ndiko wakulima wa chai na kahawa, na baadaye wafanyabiashara wa miraa, walikopatia gari la kufika mahali ambapo Peugeot ilikuwa inageuzia njiani. Mpaka leo ukipita Igembe au Imenti utakutana na namba za zamani zisizo na herufi ya mwisho, zile za kabla ya 1989, zikiwa zimepigiliwa kwenye bodi ambayo haina upande hata mmoja usiobonyea.

Na hizi hazizaliwi tena. Sheria ya nchi hairuhusu kuingiza gari la mitumba lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe kule lilikotoka, kwa hiyo Series tulizo nazo ndizo tutakazokuwa nazo. Zikipungua, zimepungua. Kila gia boksi inayopasuliwa kwa nyundo katika ploti ya jua kali ni moja iliyotolewa kwenye hesabu ya nchi nzima. Watu wanaozipenda kwa sherehe wako pia, na hata Arusha wenzetu walifanya tamasha kubwa la Land Rover mwezi wa Oktoba 2024. Lakini huku kwetu gari haliendi maonyeshoni. Linaenda kituo cha kununulia majani chai, mvua ikinyesha, kwenye ule udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni.

Sasa tuingie chini ya sakafu.

Nyuma ya gia boksi kuu kumefungwa kisanduku cha pili, nacho ndicho transfa. Nguvu ya injini ikimaliza kupita gia boksi inashuka kwenye kisanduku hicho, inapokelewa na gia ya kati inayozunguka muda wote, kisha inakabidhiwa shafti ya chini. Shafti hiyo ndiyo inayotoa propela ya nyuma, na ya mbele ukiitaka. Dereva ana mikono miwili ya ziada kando ya ule mkono wa gia wa kawaida. Wenye kichwa cha njano ukiushindilia chini unaunganisha magurudumu ya mbele. Wenye kichwa chekundu ukiuvuta nyuma unaingiza gia nzito, na ya mbele inajiunga yenyewe. Katika Series III gia nyepesi ya transfa inapunguza mzunguko kwa 1.148, nzito kwa 2.35, kwa hiyo ukivuta ule mwekundu unapata mvuto wa mara mbili na chembe. Kwa injini ya petroli ya lita 2.25 yenye nguvu za farasi kama 70 tu, hiyo mara mbili ndiyo inayolitoa gari kwenye bonde la shamba la chai likiwa limejaa.

Hapa kuna kosa ambalo nimeona madereva wazuri kabisa wakilifanya. Transfa ya Series haina difu katikati. Ukiwa umeunganisha mbele na nyuma, propela zote mbili zinalazimishwa mwendo mmoja, na kwenye tope si neno kwa sababu tairi zinateleza kidogo na mambo yanajisawazisha. Ukitoka kwenye tope ukaingia lami ya Maua kwenda Meru bila kuachanisha, hakuna kuteleza. Kila kona inasokota propela, gia na hafu shafti. Kitu fulani kitakatika, na mara nyingi ni hafu shafti. Wengine hawajui hata namna ya kuachanisha: kile kichwa cha njano hakivutwi juu kwa nguvu. Unasimama, unauvuta mwekundu hadi nzito, unaurudisha nyepesi, na wa njano unaruka wenyewe. Ni jambo la nukta chache, lakini nimeona watu wamefunga mpira wa tyubu kuuvuta juu.

Turudi kwenye breki, maana ndiko uzito wa mazungumzo yangu uliko.

Breki ikiwa kwenye propela badala ya magurudumu, inashika gari kwa kupitia difu na hafu shafti. Hafu shafti moja ya nyuma ikikatika, difu inazunguka bure na breki ya mkono haishiki chochote, hata kama ngoma na laining'i zake ni mpya. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, hali ni hiyo hiyo: lile lililo hewani linazunguka upande mmoja, lililo chini linazunguka upande wa pili, na gari linatembea na breki imevutwa hadi mwisho. Vijana wa gereji, nisikilizeni hapo. Msiinue Land Rover nyuma kabla hamjaweka vizuizi mbele na nyuma ya magurudumu mengine. Na siku mnatoa transfa yenyewe, gari halina breki ya mkono hata kidogo. Mmeiondoa pamoja na kisanduku.

Kuna lingine wasilolifikiria wengi. Dereva amezoea kusema, breki ya mkono ikinisaliti, nitaliacha gari ndani ya gia ya kwanza. Sawa. Lakini transfa iliyochakaa ina tabia ya kuruka gia. Springi za kushikilia zimelegea, uma wa kusukuma gia umelika, meno yamekuwa mviringo, na ule mkono mwekundu unajirudisha katikati wenyewe. Transfa ikiwa katikati, gia ya kwanza haishiki kitu, kwa sababu injini na magurudumu vimeachana. Likitokea ukiwa umeegesha, gari linaondoka. Likitokea ukiteremka kwa gia nzito, ule mvuto wa injini uliokuwa unakuzuia unakatika ghafla na mzigo wote unakuangukia mguuni. Sote tunaijua barabara ya kutoka Embu kwenda Meru, tunajua mteremko wa kushukia daraja la Nithi na watu tuliowazika kwa ajili yake. Hiyo ni lami. Sasa fikiria zile njia za ndani, za kutoka viwanda vya chai vya Kionyo, Githongo au Rukuriri kwenda vijijini, ambako hakuna hata ukingo.

Na msidhani ni Series peke yake. Kampuni ilipoleta One Ten mwaka 1983, na jina la Defender likaja 1990, transfa ilibadilika, ikapata difu ya katikati, lakini ngoma ya breki ilibaki pale pale nyuma yake. Ilibaki hadi gari la mwisho lilipotoka kiwandani Solihull tarehe 29 Januari 2016. Land Cruiser za J40 za miaka ya 1960 na 1970 nazo zilikuwa na ngoma kwenye transfa. Kwa hiyo ndugu zangu wa Toyota msicheke bado.

Utajuaje kwamba transfa inataka kufunguliwa? Anza na oili. Kisanduku hiki kinachukua lita 2.5 hivi za EP90, na gia boksi kuu lita 1.5, kila kimoja na tundu lake la kupimia. Kati yao kuna sili kwenye shafti kuu. Ikichoka, oili inahama kimya kimya kutoka chumba kimoja kwenda kingine. Unafungua tundu la transfa, oili inakumwagikia, unafurahi kwamba imejaa. Kumbe imejaa ya jirani, na gia boksi kuu iko kavu. Nani anapima vyote viwili? Wachache. Na kipimo kinataka gari liwe mahali tambarare, jambo ambalo nakiri si rahisi kulipata ukiwa Tigania.

Halafu sikiliza. Gari likiwa limesimama, weka mwekundu katikati, washa injini, ingiza gia ya tatu, achia klachi. Gari haliendi, lakini gia ya kati ndani ya transfa inazunguka. Ukisikia mlio wa kulialia au wa kuguguna, umeshajua ni upande upi wa kuanzia. Ukimya ukitawala, na mlio unatokea tu gari likitembea, basi tazama shafti ya chini, propela au difu. Jaribio hili halina gharama. Fundi asiyelifanya akakimbilia kushusha gia boksi, muulize kwa upole anatafuta nini.

Mwisho, toa ule mfuniko wa ngoma, au angalau chungulia nyuma yake. Ukiona tope jeusi lenye mafuta limeganda pale, hukumu imekwisha kutolewa.

Kazi yenyewe. Series ilichorwa na watu waliotaka gia boksi itokee juu, kupitia ndani ya kabini. Kwa hiyo zinatoka mbao za sakafu, kinatoka kile kifuniko cha katikati, na kisanduku cha viti kinang'olewa chote. Hapo ndipo boliti zenye kutu zinapomtukana fundi. Gereji nyingi za Meru na Embu zinasimamisha miti mitatu ya mkaratusi na chein bloku, na gia boksi na transfa vinanyanyuliwa pamoja na kutolewa mlangoni. Wengine wanaiacha gia boksi mahali pake na kuichomoa transfa kwa chini: unatoa propela zote mbili, unatoa ngoma ya breki, unafungua bamba la chini, unachomoa shafti ya gia ya kati kwa nyuma, gia inakudondokea mikononi pamoja na beringi zake za vijiti, kisha unazifikia nati zinazokishika kisanduku. Inawezekana. Lakini kama gia boksi nayo inalia, toa zote mbili mara moja.

Neno juu ya spana. Gari hili ni la inchi. Boliti za propela zinataka spana ya tisa kwa kumi na sita, ambayo ni milimita 14 na robo. Ya 14 haiingii, ya 15 inaingia kwa kulegea na kuzila kona. Ukikuta Land Rover ambayo nati zake zote za propela ni mviringo kama vifungo vya koti, jua imepita mikononi mwa fundi wa Toyota aliyekuwa na haraka.

Ukishakifungua kisanduku, mara nyingi utaona ajabu moja: gia ziko salama. Meno ya Series ni manene, yalitengenezwa kudumu, na yakipewa oili yanamzika mwenye gari. Vinavyochakaa ni vitu vidogo vinavyozishikilia. Kuna washa za shaba pande mbili za gia ya kati. Kuna vijiti vya beringi ndani yake. Kuna matundu mawili ya kisanduku ambamo shafti ya gia hiyo inakaa. Na shafti ya chini ina beringi mbili za koni. Fundi anayesema "gia ni nzima, mzee, twende" baada ya kuangalia meno peke yake, hajaangalia.

Gia ya kati inatakiwa iwe na nafasi ya kucheza mbele na nyuma kati ya sehemu 10 na 20 za mia za milimita. Hiyo huipimi kwa jicho wala kwa kidole. Unaipima kwa fila geji, kijisu kile cha majani ya chuma ambacho bei yake ni ndogo kuliko ya galoni ya oili. Ikizidi, unabadilisha washa. Beringi za koni nazo zinataka kubanwa kwa kiasi, wala si kulegea wala kukazwa kufa. Kubana kunapangwa kwa shimu, vile vipande vyembamba vinavyowekwa chini ya kile kichwa cha nyuma kinachobeba gia ya spidi. Unaongeza au unapunguza shimu, unakaza, unazungusha uzi kwenye shafti, unaufunga kwenye mizani ya ndoano na kuvuta. Mizani inakuambia shafti inazunguka kwa uzito gani. Si ile mizani ya kupimia majani chai, hiyo ni kubwa mno, bali ile ndogo ya samaki. Ukiipata gereji yenye mizani hiyo ukutani, Meru au Embu, usihame.

Mahali ambapo nguvu za jua kali na udhaifu wake vinakutana ni kwenye yale matundu ya shafti. Shafti ya gia ya kati haikukusudiwa kuzunguka, lakini kwa miaka inatikisika, na inalila tundu la kisanduku cha alumini hadi linakuwa na umbo la yai. Hapo mpira mdogo wa duara unaozuia oili haufanyi kazi tena, na oili inatiririka. Nimeona njia tatu za kulitibu. Ya kwanza ni kupiga shafti vidutu kwa ponchi ili inenepe, halafu kuipigilia ndani. Hiyo ni hadaa, itashika wiki chache na kuharibu hata kile kilichobaki. Ya pili ni silikoni, kopo zima. Ya tatu ni kukipeleka kisanduku kwa mtu wa leth, tundu likapanuliwa likawa duara tena, na bushi ya chuma ikakerezwa kwa kipimo na kuingizwa. Meru mjini wapo wakerezaji wa kazi hiyo, Embu wapo, na mikono yao haina aibu mbele ya mtu yeyote. Tatizo ni kwamba wanafikiwa na kisanduku kimoja kwa kumi, kwa sababu wenye magari hawataki kungoja.

Mazungumzo ya gereji nayajua. Mzee amekaa kwenye tairi, kofia magotini.

"Kijana wangu, si uweke sili mpya tu, unifungie? Keshokutwa nina mzigo."

"Mzee, sili nitaiweka. Lakini tazama flanji hii inayoshika propela, weka ukucha hapa. Unasikia mfereji?"

"Nasikia."

"Mdomo wa sili unakaa juu ya mfereji huo. Nikiweka mpya, baada ya mwezi inavuja, na utasema fundi ni mwizi."

"Sasa wewe unatakaje?"

"Flanji nyingine, mzee. Na viatu vya breki, hivi vimelewa oili."

"Hivyo viatu vioshwe kwa petroli, kijana. Tulikuwa tunaviosha."

Kila neno la kijana huyo ni kweli, na mzee ana fedha chache na siku chache. Siwezi kumcheka. Lakini laining'i ikishanywa oili imekwisha. Ukiiosha kwa petroli inakauka juu, unashangilia, halafu breki ikipata moto oili iliyo ndani inarudi usoni. Flanji yenye mfereji nayo inaweza kuokolewa na mkerezaji kwa kuivalisha pete nyembamba ya chuma, au fundi akaizamisha sili kwa kina tofauti kidogo ili mdomo wake uangukie mahali palipo laini. Kuna njia za mtu asiye na fedha. Ila zote zinataka muda, na muda ndio mzee aliokataa kuuza. Katika ugomvi huu mimi niko upande wa kijana, hata kama mzee ni mzee.

Kijitundu cha kupumulia kiangaliwe pia. Oili ikipata moto hewa inatanuka, na kipumulio kikiwa kimezibwa na matope ya Nyambene, hewa inatafuta njia kwenye sili. Kuna watu wamebadilisha sili mara kwa mara wakilaumu maduka, na ugonjwa wote ulikuwa donge la udongo.

Kuhusu spea, wengi tunaagiza Nairobi, barabara ya Kirinyaga, ile wazee wanayoiita bado Grogan. Ushauri wangu ni mfupi. Fedha zako zipeleke kwenye beringi na sili za kampuni zenye jina, na gia zako za zamani zibakize. Gia mpya za bei rahisi ni laini kuliko zile zilizotoka na gari, na hazitacheka nawe muda mrefu.

Nikiwa hapo, nigusie injini. Land Rover nyingi za milimani siku hizi zina injini ya dizeli ya Isuzu au Nissan. Siwalaumu. Ile dizeli ya awali ilikuwa na nguvu za farasi 62, na kwa kilima cha Kiegoi hizo ni sala zaidi ya nguvu. Lakini transfa haikuambiwa kwamba injini imebadilishwa. Inapokea mvuto ambao haikupangiwa, hasa dereva akiachia klachi ghafla ndani ya gia nzito na gari limebeba watu juu hadi karia. Aliyebadilisha injini anapaswa kuifungua transfa mapema kuliko mwenzake, na asingoje mlio.

Na wale waliochoka wakaiondoa kabisa ngoma ya transfa, wakabaki na breki ya mguu na mawe? Hao nawaambia wazi kwamba gari hilo halifai kubeba mtoto wa mwenzio. Mamlaka ya usalama barabarani inakagua magari ya abiria, polisi wanahesabu vichwa vilivyo juu ya karia, lakini ni nadra kumwona mtu akilala chini ya Land Rover na kurunzi akaitazama ngoma. Abiria ndiye anayeweza kuuliza. Mama anayepanda na mtoto mgongoni ana haki ya kumwambia dereva: ivute breki ya mkono, tuone kama inashika.

Siku ya kurudisha, usafi kwanza. Nyuso za kisanduku zikwanguliwe gasketi ya zamani, na silikoni kama ni lazima iwe utando tu, isije ikakatika ndani na kuziba njia za oili. Gia boksi ikirudi pamoja na transfa, kuna dakika ngumu ya kuingiza shafti ya mbele kwenye sahani ya klachi. Hapo watu wanaanza kuvuta kwa boliti ili iingie. Isivutwe. Ingiza gia, mtu mmoja azungushe ngoma ya nyuma polepole, na meno yatakutana yenyewe. Nati za propela ziwe mpya zile za kujifunga, maana zilizotumika zimeshapoteza mshiko. Oili iwekwe kwenye vyumba vyote viwili, kila kimoja kupitia tundu lake, wala isiwe ile nyeusi iliyotolewa kwenye lori.

Breki ya mkono ya Series inarekebishwa kwa skrubu moja tu iliyo nyuma ya ngoma. Unaikaza hadi viatu vinashika, unairudisha mibofyo michache hadi ngoma inazunguka huru, kisha unarekebisha fimbo ya kuvutia. Halafu litoe gari nje, lipeleke kilimani likiwa tupu, mwenye gari akiwa ndani na fundi akiwa ndani. Vuta breki, toa mguu, weka transfa katikati ili injini isisaidie, mhesabu pamoja hadi thelathini. Geuza gari, hesabuni tena likiwa limeelekea chini, maana breki inaweza kushika upande mmoja na kuteleza upande mwingine. Likishika pande zote mbili, lipakieni mzigo nusu mrudie. Baada ya wiki moja ya kazi, mlirudishe gereji, nati za propela zikazwe upya, matundu mawili ya oili yafunguliwe, na fundi apitishe kidole chini ya ngoma. Kidole kikitoka kikavu, mzee amalizie kulipa.